Lifti ya gari ya kuhamishika inapanda upande mmoja: niitengeneze, au nihamie kwenye jeki?

Mzee_wa_Pasua (Moshi)
Wakuu salaam. Nina lifti ya haidroliki, ile ya fremu mbili zinazolazwa chini ya gari, pampu yake inakula betri ya volti 12. Magari yangu mengi ni Noah na IST. Siku hizi fremu ya kulia inapanda vizuri, ya kushoto inasuasua halafu inaruka ghafla. Nikiliacha gari juu nikaenda kula, nikirudi nakuta limeshuka upande huohuo wa kushoto. Nina njia tatu: kuitengeneza, kununua jeki ya magurudumu ya tani 3 na stendi nne za kuegemezea gari, au kubaki na jeki za chupa. Nawasilisha.

Spana17 (Unga Limited, Arusha)
Mkuu, hapo kuna magonjwa mawili. Kuruka ni hewa. Oili haibonyei, hewa inabonyea, ndiyo maana fremu inasita kisha inafyatuka. Toa gari, pandisha fremu tupu mpaka mwisho, shusha mpaka chini kabisa, rudia. Ikigoma, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye silinda ya kushoto, bado bila mzigo. Kiwango cha oili kipime fremu zikiwa chini. Ukipima zikiwa juu utadhani imepungua, utaongeza, na ukishusha tanki litafurika.

Kushuka ni habari nyingine. Futa shafti ya silinda, kile chuma kinachotoka na kuingia, iwe kavu, pandisha gari, subiri bila kuingia chini yake. Shafti ikilowa oili, sili (mpira unaozuia oili isitoke) imekwisha. Ikibaki kavu na hakuna kinachovuja kwenye mipira ya kupitishia oili, shuku uchafu kwenye vali ya kushushia. Kwa vumbi letu hili, mimi naanza na vali.

Kapera_Himo
Kuna kitu sijaelewa. Limeshukaje kama kufuli za fremu, vile vyuma vinavyoishikilia ikiwa juu, ziliingia? Gari halitakiwi kukaa juu ya oili hata dakika moja mtu akiwa chini yake.

Mzee_wa_Pasua
Ya kushoto haifiki kwenye kufuli, inaishia chini kidogo ya tundu.

Kapera_Himo
Basi acha kuitumia leo leo, mengine baadaye.

Mama_Spea (Mbuyuni, Moshi)
Kaka, kabla hujanunua sili uliza waliokuwa wanaongeza oili waliweka nini. Naletewa sili zimevimba kama maandazi kwa sababu mtu alijaza mafuta ya breki. Hayo yanaharibu mpira wa sili zilizotengenezwa kwa oili ya haidroliki. Weka iliyoandikwa kwenye kibati cha pampu, nyingi zinataka oili ya haidroliki yenye uzito namba 32. Na njoo na sili ya zamani mkononi, usinitumie picha.

Mpare_Mbishi
Mimi ningeuza. Jeki na stendi hazina umeme wala mipira ya kupasuka.

Spana17
Kwa nani? Jeki ya magurudumu inataka sakafu ya zege, kwenye changarawe haisogei na gari linaivuta upande. Jeki ya chupa nayo, IST ikiwa na pancha haiingii chini yake. Kwenye Land Cruiser za watalii ndipo chupa inapofaa, ziko juu, halafu zile zilizorefushwa ni nzito, lifti ndogo usizijaribishie. Kwa Noah na IST kwenye zege, lifti ikiwa nzima inazishinda jeki zote mbili. Ila stendi nunua hata ukiitengeneza.

Kapera_Himo
Pampu ikilia kinyonge, angalia na waya za betri. Waya nyembamba inapoteza umeme njiani, utabadilisha sili bure.

Mzee_wa_Pasua
Mrejesho: nimetoa hewa, povu lilikuwa jingi. Kuruka kumeisha, kufuli ya kushoto sasa inaingia. Nikizichomoa kufuli bado inashuka taratibu, na shafti ni kavu.

Spana17
Vali hiyo. Fungua, osha kwa dizeli safi, puliza kwa upepo, usiifute kwa kitambaa chenye nyuzi. Na oili ya zamani usiirudishe.