Naomba ushauri: kufunga injini ya Isuzu 4BD1 kwenye Land Rover 110

Wakuu, habari za kazi. Nina Land Rover 110 ya dizeli, ile 2.5 yenye tabo, na pistoni zimepasuka mara ya pili. Inanibebea mbolea huku Mufindi, na masika barabara zetu ni tope tupu, kwa hiyo kuiuza sitaki.

Nimepata Isuzu 4BD1 iliyotoka kwenye lori la NPR: lita 3.9, taimingi yake ni ya gia, hakuna mkanda wa kukatika. Kilichonipa moyo ni kwamba Australia 110 zilitoka kiwandani na injini hii hii, hata jeshi lao likazitumia. Lakini zile zilikuwa na giaboksi ya LT95. Yangu ni LT77, na kwa nguvu ya injini ya lori naiogopea sana.

Fundi anasema atachonga tu adapta ya kuunganisha injini na giaboksi. Hofu yangu ni shafti ya giaboksi isipokaa sawasawa na krenki ya injini, beringi zitakwisha. Kuna aliyefanya hivi ikadumu? Au nihangaike na LT95?

Halafu injini hii raha yake iko chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Nisipobadili uwiano wa gia nitatembea kama trekta. Niguse difu au transfa (gia zinazogawa nguvu mbele na nyuma)? Springi za mbele najua lazima niongeze, injini hii ni nzito mno. Starta yake ni ya volti 24, gari ni 12.

Na namba ya injini kwenye kadi, TRA niende kabla ya kufunga au baada? Fundi anataka kuanza Jumatatu.