Wamepitisha tuyo (mpira) ya esansi (petroli) ndani ya motoka yangu, halafu wananiambia naogopa bure

Bandugu, nimengoja siku nne kabla ya kuandika, nikidhani wenye garaji watanipigia simu. Hawakupiga. Jina lao silitaji, lakini wao wakisoma hapa watajijua.

Motoka ni Nissan 300ZX ya 1991, injini ya V6 ya lita 3 isiyo na turbo, volani kuume, imetoka Japani ambako iliuzwa kwa jina la Fairlady Z. Ninayo miaka sita. Tangu mwezi wa nane ina ugonjwa mmoja: hapa mjini inakwenda vizuri, ila ukitoka Lubumbashi ukashika barabara ya Likasi na kukanyaga hadi mwisho, injini ikifika mizunguko 4,500 kwa dakika inakata pumzi. Nilibadilisha buji (plagi), filta ya hewa, filta ya esansi. Wapi! Nikaona kuliko kununua pompi mpya kwa kubahatisha, nifunge kwanza manometa, ile geji ya presha ya esansi, nione kwa macho yangu injini inapata nini.

Kwa asiyejua: kwenye injini hii, ikiwa imewaka na imetulia, presha inakuwa kama bar 2.5. Ukichomoa kampira ka vakyumu (mvuto wa hewa) kwenye regulator, kile kifaa kinachopanga presha ya esansi, inapanda hadi karibu bar 3. Na ukikanyaga barabarani ni vilevile, mvuto wa hewa ndani ya manifold (njia ya hewa kuingia kwenye injini) unapungua, kwa hiyo presha lazima ipande. Ukiona inashuka wakati unakanyaga, tatizo liko nyuma: pompi imechoka, au chujio ndani ya tanki limeziba. Sindano ya geji inakuambia hayo kwa dakika mbili.

Niliwapelekea vifaa mwenyewe: geji ya dola 25, kiungo cha T chenye tundu la uzi wa M10x1 (uzi wa milimita), na mita moja ya tuyo iliyoandikwa R9, ile inayovumilia presha ya injini za injekta, yaani zinazopuliziwa esansi kwa presha. Nikawaambia geji ikae chini ya kapo (boneti), T ifungwe kati ya filta na injini. Tukakubaliana dola 60. Nikalipa zote. Hapo nilikosea.

Jioni naenda kuchukua motoka, nakuta kijana mwanafunzi wa pale, hana hata miaka 16, ameketi juu ya tairi anaosha macho kwa maji ya chupa. Mekundu kabisa. Walifungua tuyo bila kutoa presha kwanza. Injini ya injekta ukiizima, esansi inabaki imebanwa ndani ya tuyo. Dawa yake kila fundi anaijua: chomoa fyuzi ya pompi, washa injini, iache ijizimie yenyewe, piga stata mara mbili tatu, ndipo ushike turnavisi. Dakika tano hazifiki. Wao walimtuma mtoto afungue kolie (kibanio cha tuyo), ikamrukia usoni. Na injini ilikuwa ya moto, imetoka kuendeshwa! Ile esansi ingeangukia egzosi leo tungekuwa tunaongea mengine. Bosi wao alikuwa anacheka. Nilimwambia ampeleke dispensari, akasema "atapona, ndiyo namna ya kujifunza kazi". Bado naumia nikikumbuka yale macho.

Halafu nafungua mlango wa motoka. Geji iko ndani, imefungwa kwenye nguzo ya kioo mbele ya dereva. Na nyuma yake kuna tuyo. Esansi yenyewe, yenye presha, inapita kwenye ukuta wa chuma kutoka kwenye injini na kuja hadi mbele ya uso wangu. Namuuliza bosi kwa nini, ananijibu: "Papa, sasa ungeiona namna gani ukiwa unaendesha?"

Jibu lipo na ni la zamani. Ukitaka kusoma presha ukiwa umeketi, unafunga sensa ya umeme kwenye T, na kinachoingia ndani ni nyaya peke yake. Kama ni kupima siku moja tu, unatoa geji nje kupitia upenyo wa kapo, unaibandika kwa skochi juu ya kioo cha mbele, kwa nje, unaendesha, unaisoma, unarudi na kuitoa. Esansi haiingii mahali watu wanapoketi. Haijalishi nani amekuomba.

Nilirudi nayo nyumbani kwa sababu usiku ulikuwa umeingia. Asubuhi binti yangu anapanda kwenda shule ananiambia, "Papa, motoka inanuka." Nikainama. Kwenye kapeti, chini ya miguu yake, doa bichi la ukubwa wa kiganja. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unatulia palepale chini, na kwenye motoka hii feni ya hewa iko chini ya tablo (dashibodi) upande huohuo wa abiria. Ndani ya mota yake brashi zinatoa cheche kila ukiiwasha. Binti yangu alitembea kwenda shule siku ile.

Nikafungua kazi yote mwenyewe. Tuyo yangu ya R9 haimo. Wameweka tuyo ya plastiki inayoona ndani, kama ya maji ya waipa, na kwa usiku mmoja tayari ilikuwa ya manjano na imeanza kukakamaa. Tundu walilotoboa kwenye ukuta halina mpira, chuma kitupu kinasugua plastiki. Na kwenye T ndiko nilikochoka kabisa: mkia wa geji ni wa uzi wa inchi, uliochongoka, milimita 10.3. Tundu ni M10x1. Kwa jicho vinafanana. Ukiviunganisha kwa mkono, mzunguko wa kwanza unaingia, wa pili unaingia, wa tatu unakwama. Hapo mkono unakuambia simama. Fundi wao akachukua kle (spana) akalazimisha. Nilipoitoa, vumbi la shaba liling'aa kwenye vidole vyangu, na nyuzi za utepe mweupe wa mafundi wa bomba zinaning'inia ndani ya tundu, tayari kusafiri hadi kwenye injekta.

Nimerudi kwao na vyote ndani ya mfuko. Unajua bosi aliniambia nini? "Tulishafunga motoka nyingi hivi." Nyingi! Kwa hiyo ninyi mliofungiwa geji ya esansi ndani ya motoka hapa mjini, leo hii angalieni nyuma yake. Ukikuta nyaya mbili tatu, sawa. Ukikuta tuyo, usiiendeshe. Toa presha, rudisha tuyo ya zamani kama ilivyokuwa.

Rafiki yangu alinisaidia Jumapili, geji nyingine, T nyingine, tukaibandika nje ya kioo. Ikitulia, bar 2.4. Nikikanyaga, kwenye mizunguko 4,500 ikashuka hadi 1.8. Ni pompi, au lile chujio la ndani ya tanki.

Ninachodai kwao: dola 60 zangu, tuyo yangu ya R9, kolie mbili za asili walizobaki nazo, na wampeleke yule kijana kwa daktari wa macho. Kama kuna mtu humu anajua kwao nyumbani, aniandikie pembeni. Nitampeleka mimi.