Tupeane uzoefu: ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisigome ukikanyaga breki) ilipokutetemesha mguu ulifanyaje?

Wakuu, heshima kwenu. Jana jioni, mvua inanyesha, bodaboda kanikatizia mbele. Nikakanyaga breki yote, pedeli ikaanza kunipiga mguu, grrr grrr. Nikajua kuna kitu kimekatika, nikaachia! Nimemkosa chupuchupu. Nani mwingine yamemkuta?

Dereva Mstaafu
Hapo kwenye kuachia ndipo ulipoteleza, mkuu. Kwenye boksi la ABS mna vali mbili kwa kila tairi: ya kuingiza, ambayo muda wote iko wazi, na ya kutoa, ambayo imefungwa. Tairi likitaka kugoma, yaani kuacha kuzunguka wakati gari bado linakwenda, ya kuingiza inafunga; kanyaga utakavyo, presha ya oili kwenye breki ya tairi hilo haiongezeki. Likizidi kugoma, ya kutoa inafunguka, presha inashuka, na pampu inasukuma oili kurudi masta, ile silinda inayosukumwa na pedeli. Tairi likizunguka, mchezo unaanza upya, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hiyo oili inayorudi ndiyo iliyokupiga mguu. Sisi wa zamani tulikuwa tunapampu pedeli wenyewe.

Mama Wawili
Mimi taa ya ABS iliwaka nilipobadilisha beringi ya mbele. Nikauziwa sensa mpya, kile kifaa kinachosoma mwendo wa tairi, taa ileile. Fundi wa pili akaichomoa beringi, akaimwagia unga wa chuma wa kwenye jiwe la kunolea: ukanata upande mmoja tu. Kumbe upande huo una sumaku ambayo sensa inaisoma, na fundi wa kwanza aliifunga beringi kinyume. Hela ya sensa ndiyo imeenda hivyo. Ila breki za kawaida zilishika muda wote, maana vali ya kuingiza isipopata umeme inabaki wazi.

Mzee wa Vumbi
Msiisifie sana. Kwenye changarawe tairi lililogoma linalimbikiza kokoto mbele yake, gari linasimama. ABS hairuhusu hilo. Nilishaingia shamba la mahindi la watu huku mguu unatetemeka.

Spana 14
Ukifungua boksi la ABS, usitoe kienyeji upepo ulioingia kwenye oili ya breki. Nilikanyagisha kijana pedeli tangu asubuhi, bado inazama. Upepo ulikuwa nyuma ya vali zilizofungwa, mpaka mashine ya kupimia gari ilipoziamuru zifunguke.

Mleta mada
Kwa hiyo nikanyage tu, nisiachie?

Dereva Mstaafu
Kanyaga, shikilia, huku unakata usukani. Tairi linalozunguka linasikia usukani.