Dereva wangu anahamia Arusha, anataka niondoke naye. Mimi fundi nifanyeje?

Fundi_Makorora
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko Tanga, gereji yangu ipo Makorora. Mchana natengeneza boda za watu, jioni nashughulika na pikipiki mbili za mbio za vumbi za bosi mmoja mwenye duka la spea Ngamiani. Jina lake naliacha, mji wetu wenyewe huu mnaujua.

Bosi ana madereva wawili. Wa kwanza ni dogo niliyemtoa kijiwe cha boda pale Kange miaka minne iliyopita. Kuruka matuta kajifunzia kwenye njia za mashamba ya mkonge huko Pongwe, mimi nimesimama pembeni na spana mkononi. Dogo anajua, sisemi uongo. Wa pili si haba, ila ni mzito na kona anaziogopa.

Sasa dogo kapata timu Arusha. Pikipiki mpya, safari wanalipa wao, na mshahara wa kila mwezi. Kwa bosi wetu, usiposhinda unakunywa maji unalala. Mwisho wa mwezi anaondoka, na kila siku wimbo ni mmoja: "Kaka twende wote, bila wewe pikipiki hainisikii."

Bosi naye kashapanga. Dogo akiondoka, wa pili atapanda pikipiki ya kwanza, na ile ya pili anapewa mpwa wake, kijana ambaye leseni yenyewe kaipata juzi. Kazi ya kulea upya hiyo. Halafu kompresa ninayotumia alininunulia yeye, tunakatana kidogo kidogo, bado laki tatu na nusu. Mke wangu ni mtu wa Tongoni, kasema Arusha baridi, hatii mguu.

Niende au nibaki? Naombeni ushauri, matusi wekeni akiba.

Mkonge_Mbichi
Nenda. Hakuna cha kujadili hapo. Mwisho wa 2003 Valentino Rossi, dereva wa MotoGP, yaani mbio za dunia za pikipiki za lami, aliondoka Honda akiwa bingwa, akaenda Yamaha ambayo taji la daraja la juu ilikuwa haijalishika tangu Wayne Rainey mwaka 1992. Watu wakamwona kichaa. Lakini hakwenda peke yake, alimchukua Jeremy Burgess, fundi wake mkuu, pamoja na mafundi wengine. Aprili 2004, mbio ya kwanza kabisa, Welkom kule Afrika Kusini, kamshinda Max Biaggi aliyekuwa kwenye Honda. Akamaliza mwaka na ubingwa. Dereva na fundi ni chanda na pete.

Fundi_Makorora
Mkuu umenigusa. Hii nikimsomea mke wangu labda atalegea.

Kona_ya_Duga
Msomee yote basi. Mkonge kakupa nusu ya hadithi, ile tamu. Mwaka 2011 Rossi alihama tena, akaenda Ducati. Burgess yule yule akaenda naye. Miaka miwili, ushindi hata mmoja hakuna. Wakarudi Yamaha 2013, na mwisho wa mwaka huo huo Rossi akamwambia Burgess asante, natafuta fundi mwingine. Mtu aliyehama naye mara tatu! Sikutishi, ila siku dogo akishindwa mbio nne mfululizo huko Arusha, wa kwanza kulaumiwa utakuwa wewe, na wakati huo gereji ya Makorora tayari ina mpangaji mwingine.

Kahawa_Chungu
Waja leo waondoka leo. Ila kompresa ya watu usiipakie kwenye basi.

Bi_Chumbageni
Kaka, nimesoma maelezo yako mara mbili, kuna kitu sijakiona. Dogo anakutaka, sawa. Hao wa Arusha je? Wamekupigia? Wamekutajia mshahara? Maana kila ulichoandika kuhusu wewe kwenda kimetoka kinywani mwa dogo.

Tukiacha ya zamani, tazama ya Marc Márquez, dereva wa MotoGP pia. Mkataba wake na Honda ulikuwa wa hadi mwisho wa 2024, wakakubaliana auvunje mwaka mmoja kabla. Kaenda Gresini, timu ya pembeni, si ya kiwanda, iliyompa Ducati ya mwaka uliopita. Unajua aliruhusiwa kwenda na mafundi wangapi? Mmoja. Santi Hernández, fundi mkuu aliyeshika naye mataji yote sita ya MotoGP, alibaki Honda akawa fundi wa dereva mwingine, Joan Mir. Na huko Gresini Márquez alimkuta fundi mkuu Frankie Carchedi, ambaye ndiye aliyekuwa na huyo huyo Mir alipochukua ubingwa na Suzuki mwaka 2020. Ni kama walibadilishana mafundi sokoni. Septemba 2024, Aragón, Márquez akashinda mbio ya kwanza baada ya karibu miaka mitatu ya ukame.

Timu iliyojipanga ina fundi wake. Ukifika na begi lako la spana watakupa kazi ya kuosha cheni.

Mkonge_Mbichi
Dada hapo kwenye kuosha cheni umemuonea.

Bi_Chumbageni
Sijamuonea. Mume wangu alimfuata nahodha wake kwenye boti nyingine hivyo hivyo, alikaa miezi sita anakwangua kutu.

Spea_Used
Mimi nasema nje ya swali kidogo. Mnamzungumzia anayeondoka tu, wakati uhamisho mmoja unasogeza kijiwe kizima. Juni 2024, ndani ya wiki mbili: dereva Jorge Martín aliyekuwa anasubiri kiti kwenye timu ya kiwanda ya Ducati akasaini Aprilia, Márquez akapewa kiti hicho, Enea Bastianini aliyekuwa amekikalia akaenda KTM. Kabla mwezi haujaisha timu ya Pramac nao wakaiacha Ducati wakafuata Yamaha.

Sasa muangalie Marco Rigamonti. Alikuwa fundi mkuu wa Bastianini. Dereva wake kaondoka, yeye kabaki palepale na spana zake, mlango ukafunguka akaingia Márquez. Septemba 2025 wakabeba ubingwa Japani, mbio tano bado zimebaki. Yule hakumfuata mtu.

Na huyo dereva wako wa pili, mbona umemmaliza kwa maneno mawili, mzito na mwoga? Jorge Lorenzo, dereva mwingine wa MotoGP, alikaa Ducati mwaka mzima wa 2017 bila kushinda, watu wakasema kaisha. 2018 wakambadilishia umbo la tangi apate pa kujizuia wakati wa breki, mikono isichoke. Mbio ile ile, Mugello, akashinda. Bahati mbaya alikuwa ameshakubaliana na Honda, Dani Pedrosa aliyekuwa Honda akakosa kiti na kustaafu. Na kiti cha Lorenzo akapewa Danilo Petrucci, mtu mkubwa wa mwili ambaye wengi walimwona wa kujazia nafasi. Mugello 2019 akashinda naye.

Swali langu: hiyo pikipiki ya pili, uliwahi kuipanga kwa ajili yake, au uliifunga kama ya dogo ukampa apande?

Kahawa_Chungu
Hapo sasa fundi kakaliwa kooni.

Fundi_Makorora
Nimerudi, samahani nilikuwa kimya siku mbili.

Nilimwambia dogo anipe namba ya hao jamaa. Akazunguka, mara simu haina chaji, mara meneja kasafiri. Jana baada ya Isha nikamfuata nyumbani kwao Usagara, tukakaa barazani. Akasema ukweli. Timu ina fundi wake, wamemwambia aje peke yake. Yeye alikuwa na mpango nifike kwanza kwa nauli yangu, halafu angeongea nao. Hakuwa na ubaya, anaogopa tu kuwa mgeni. Nimemwandikia kwenye karatasi jinsi anavyopenda klachi ikae na jeti gani anatumia kwenye kabureta, ampe huyo fundi wa huko. Mama yake alilia, mimi nilijikaza.

Bosi nimemwambia nabaki, lakini mpwa wake akianguka kwa ujinga spea analipa yeye bosi, na mshahara wangu uwe wa mwezi. La spea kakubali. La mshahara kasema tutaongea, mnajua maana yake.

Spea_Used, swali lako limeninyima usingizi. Leo asubuhi nimempandisha dereva wa pili kwenye mizani ya duka la nafaka. Kilo 81. Dogo ana 57. Shokapu za pikipiki zote mbili nimezifunga kwa kilo 57 tangu mwanzo. Jamaa alikuwa anaingia kona na nyuma imeshabonyea hadi mwisho, gurudumu la mbele linaelea, mimi namuita mwoga.

Nimekaza springi ya nyuma jioni hii, kesho Pongwe tunajaribu. Mwenye springi nzito ya 250 anitumie ujumbe wa faragha, bei ya kiungwana tafadhali.

Spea_Used
Ninayo moja, imetoka kwenye pikipiki ya mtu wa Muheza. Njoo na wewe mwenyewe uipime.