Kutoka IST kwenda gari ya juu: RAV4, X-Trail, Forester, Rush, au nibaki nilipo?

Msambaa wa Madale

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijamwaga hela.

Nina Toyota IST ya 1.3, namba D. Gari yenyewe haina shida: mafuta inanusa tu, spea zipo kila kona, na hakuna fundi wa mtaani asiyeijua. Ila tumehamia Madale, na barabara ya kutoka lami mpaka kwangu masika ikianza inakuwa mto. Sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) imegonga mawe mpaka sauti yake nimeizoea. Familia nayo imeongezeka, na kila Desemba lazima tupande Mtae, kule Lushoto, kumsalimia mzee.

Dalali anasema IST itatoka kwa milioni 9. Akiba ya kuongezea ni 12, nikijikamua 13. Nimeangalia Toyota RAV4 ACA31, Nissan X-Trail T31, Subaru Forester SH5 na Toyota Rush. Au nitulie na kagari kangu? Natembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi, nyingi ni Madale–Posta, foleni mnaijua.

Tegeta Kibaoni

Forester. Mengine yote porojo.

HesabuKwanza

Mkuu, tuanze na namba ndipo tuje kwenye mapenzi.

Bei ya petroli EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, inapanda na kushuka, kwa hiyo tuchukue 3,000 kwa lita. IST ya 1.3 kwenye foleni tuseme inakupa kilomita 12 kwa lita. Kilomita 1,200 ni lita 100, yaani 300,000. Gari ya 2.4 kwenye foleni hiyo hiyo ikikupa 8 ushukuru Mungu. Hizo ni lita 150, 450,000. Tofauti ni 150,000 kwa mwezi, milioni 1.8 kwa mwaka, na Mtae hujaenda.

Bima: bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, juu yake VAT asilimia 18. Gari ya milioni 22 utalipa 908,600. Najua wengi wenye IST mnakata bima ndogo mnatulia, lakini gari ya milioni 22 kuikatia bima ndogo kwa madereva wa bodaboda tulionao hapa mjini, hiyo ni kamari.

Tairi za rimu 17 si za rimu 15, ulizia bei ujionee. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayechoma lita nyingi ndiye anayelipa zaidi hata kama hapewi risiti.

Sikuzuii kununua. Ila usije kusema hukuambiwa.

Tegeta Kibaoni

@HesabuKwanza wewe ukienda harusini unahesabu wali umepikwa kilo ngapi 😂

Mama J wa Kivule

Kaka Msambaa, samahani, naomba kuuliza. Mko wangapi kwa jumla?

Msambaa wa Madale

Dada, mimi na mke wangu, watoto watatu, na mama mkwe anaishi kwetu tangu mwaka jana.

Mama J wa Kivule

Basi mko sita. IST ni ya watu watano. RAV4 ACA31 ni ya watu watano. X-Trail T31 watano, Forester watano, Rush ya Japani watano. Unataka kuongeza milioni 12 halafu siku ya safari bado kuna mtu anapakatwa. Mtu anaona gari imenyanyuka anadhani na ndani imeongezeka. Buti inaongezeka kweli, na miguu ya nyuma inapumua, ila viti ni vile vile.

Mimi kwenye orodha yako naona imekosekana gari yenyewe.

Msambaa wa Madale

Duh. Hilo swali hata mke wangu hajaniuliza.

Mama mkwe hatoki nasi kila siku. Ni Jumapili kanisani na safari ya Desemba. Ila ni kweli, Desemba iliyopita walibanana nyuma mpaka Mombo, na pale ndipo mlima unaanza.

Fundi wa Mwenge

Nimefuatilia kimya, sasa niseme yangu kuhusu mashine, maana hapa kila mtu anataja jina la gari bila kutaja kilichomo.

RAV4 ACA31 ina injini ya 2AZ-FE, 2.4. Inavuta vizuri, cheni si belti, spea haziumizi. Ugonjwa wake unajulikana dunia nzima: ringi za pistoni zinaziba, gari inaanza kula oili. Haivuji chini, haitoi mlio, oili inapotea tu. Mwenye tabia ya kuchomoa kijiti cha oili kila wiki ataishi nayo miaka mingi. Mwenye tabia ya kusubiri taa iwake, ataua injini. Pili, kuna watu wanaikimbia X-Trail kwa sababu ya CVT, ile giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, wanakwenda kununua ACA31, hawajui kwamba ACA31 ya Japani nayo ni CVT. Ukitaka ya kuvuta miguu yote minne hakikisha ni ACA31 kweli, kwa sababu ACA36 inavuta mbele tu na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

X-Trail T31 ni MR20DE, 2.0. Injini haina maneno mengi. CVT yake inataka NS-2, si oili yoyote ya giaboksi uliyoikuta dukani imeandikwa ATF. Ikipata joto sana, hasa umejaza watu na mizigo unapanda mlima mrefu, inajilinda kwa kupunguza nguvu. Mtu akishaona hivyo anadhani gari imekufa. Ukiitunza ni gari tamu, na ile swichi ya kuchagua miguu miwili, AUTO au LOCK, kwenye tope la Madale utaipenda. Wenye hofu na CVT kabisa warudi T30, ile ina giaboksi ya gia nne ya kawaida, ila umri wake sasa ni mkubwa.

Forester SH5: angalia mwaka. Za mwanzo zina EJ20, hiyo ni taimingi belti, na belti ikipita muda wake ukaipuuza unafungua injini. Kuanzia mwisho wa 2010 zilikuja na FB20, hiyo ni cheni. Giaboksi ni ya gia nne, imara. Ipo juu zaidi ya milimita 200 na inavuta miguu yote muda wote, barabarani imetulia. Lakini tairi zote nne ziwe za saizi moja na zimelika sawasawa. Ile tabia yetu ya kufunga tairi mbili mpya mbele na nyuma kubaki na vipara, Subaru haiitaki, unaua mfumo wa kugawa nguvu. Na plagi zimelala ubavuni, kwa hiyo kazi ya dakika chache kwenye IST hapo inakuwa kazi ya kueleweka na bei yake.

Rush ni 1.5, inasukuma nyuma, nyingine zina 4WD na kufuli la difu ya kati. Kwa barabara mbovu ni mbuzi wa mlimani. Kwa lami ya mbali inarusharusha na buti ni finyu. Kwa mafuta ndiyo iliyo karibu na ulikotoka.

Dada Mama J amesema kweli, hakuna hata moja hapo inayobeba sita.

HesabuKwanza

Fundi, heshima yako. Natamani wauza magari wote wangeongea hivi.

Nakuru254

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu hamngekuwa na huu mjadala, maana gari iliyopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza hairuhusiwi kuingizwa nchini. Hizo ACA31 na T31 tulizo nazo ni zile zilizoingia zamani, zinauzwa mkono kwa mkono. Mtu akitoka kwa Vitz au Demio siku hizi anaangalia CX-5 au X-Trail T32. Na hiyo T32 kuna zenye viti saba, boss. Ila kwa bajeti yako sijui kama utaifikia.

Msambaa wa Madale

T32 siifikii mkuu, labda niuze na kiwanja.

Swali kwa wote: nikiagiza Japani badala ya kununua hapa, haitakuwa nafuu? Kule naona RAV4 za 2009 bei ya kawaida kabisa.

Bandari Kavu

Bei ya kule isikudanganye, hesabu iko huku. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa, injini ya zaidi ya cc 1,000 mpaka 2,000 ni asilimia 5, ikizidi 2,000 ni 10. RAV4 yako ya 2.4 iko kwenye 10, Rush na X-Trail 2.0 ziko kwenye 5. Halafu kuna ushuru wa uchakavu: gari ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, ikizidi miaka 10 ni asilimia 30. Kisha VAT 18 inakaa juu ya mlima huo wote. Ingia kwenye kikotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, jaza aina ya gari na mwaka, ndipo uangalie tena hiyo bei ya kawaida. Na thamani wanayotumia ni ya kwao, si ile ya ankara yako.

Kwa gari za umri huo, nunua iliyokwisha lipiwa hapa nchini. Cheki kadi, cheki jina, cheki kama haina madeni ya faini za trafiki, andikishaneni kwa mwanasheria.

Kijana wa Yadi

Mimi nauza magari, nitasema ukweli wa upande wetu. Ukileta IST yadi ukasema "chukua hii nikuongezee hela", tunaipigia bei ya kuinunua, na hiyo unayoitaka tunakupigia bei ya kuiuza. Umekatwa mara mbili kwa siku moja. IST haihitaji yadi, vijana wa Bolt wanaigombea. Uza mwenyewe, ukija kwetu njoo na hela taslimu, utaongea kwa sauti.

Na hiyo milioni 9 ya dalali, ongeza kidogo. Dalali haanzi na bei ya juu.

Tegeta Kibaoni

Leo kwenye jukwaa hili kuna muuza magari msema kweli. Piga picha tuweke kumbukumbu.

Bibi Shamba

Hamjazungumzia kubaki. Funga ngao ya chuma chini ya sampo, badilisha shokapu, weka spesa za kunyanyua kidogo. Desemba kodi Noah na dereva wake, mwende mmenyoosha miguu. Hela inayobaki chimba kisima.

Fundi wa Mwenge

Ngao ya sampo naunga mkono mia kwa mia, hata leo. Spesa usizidishe: ukiinyanyua sana shafti za mbele zinakaa pembe mbaya, zile buti za mpira zinachanika na joinati zinaanza kugonga ukikata kona. Sentimita mbili tatu, basi.

Ila Bibi Shamba, tatizo lake si Desemba peke yake. Hiyo barabara ya Madale anaipita asubuhi na jioni.

Mama J wa Kivule

Ndiyo maana nasema orodha imekosa gari. Toyota Vanguard. Ni ndugu yake RAV4 ila imeongezwa urefu, na kuna za viti vitano na za viti saba. Mstari wa tatu ni wa watoto, mtu mzima akikaa pale mpaka Lushoto atashuka anachechemea. Wakikaa watu nyuma kule buti hakuna, kwa hiyo mizigo juu. Siku za kazi unavilaza viti unabaki na buti kubwa. Mume wangu aliidharau sana mwanzoni, sasa hataki kunipa funguo.

Noah tulikuwa nayo. Nafasi ipo, lakini kwa njia zetu za Kivule na hiyo ya kwenu ni ile ile, inakwangua.

HesabuKwanza

Vanguard ni 2.4 ile ile ya fundi, na CVT. Kwa hiyo hesabu yangu ya mafuta iko pale pale: 150,000 kwa mwezi, na inawezekana ikazidi kidogo kwa uzito. Tofauti ni kwamba sasa unanunua kitu ambacho IST haina, si urefu wa kutoka chini tu. Hapo naweza kukuelewa.

Kuwa makini, kuna 240S na 350S. Hiyo ya pili ni V6 ya 3.5. Ukiona bei imeshuka kwa namna ya ajabu, angalia imeandikwa nini mlango wa nyuma.

Msambaa wa Madale

Wakuu, nimeongea na mke wangu na amesoma uzi wote. Alicheka pale kwenye viti. Tumekubaliana hivi: IST naiuza mwenyewe, nimeanza na milioni 10.5 na simu mbili zimeshapigwa. Rush nimeiondoa, Forester nimeiondoa kwa shingo upande (Tegeta nisamehe). X-Trail nayo basi.

Nimepata Vanguard ya viti saba, 240S, ipo Kinyerezi, mwenyewe anataka 23. Nikiuza vizuri na yeye akishuka kidogo, tunafika. Mafuta nitapunguza kwa kupanda mwendokasi siku mbili tatu za wiki, gari naiacha kituo cha Morocco.

Fundi, Jumamosi una nafasi tukaione?

Tegeta Kibaoni

Sijakusamehe.

Fundi wa Mwenge

Nipo. Twende saa moja asubuhi, na umwambie mwenye gari asiiwashe kabla hatujafika. Nataka niikute injini ya baridi: kwanza nachomoa kijiti cha oili, halafu wewe unasimama nyuma kwenye ekzosi, mimi ndiye nawasha. Moshi wa bluu ukitoka pale mwanzo, tunaaga kwa heshima. Usipotoka, tutaiendesha mpaka ipate joto, tupande kilima chochote cha karibu tukiwa tumejaa, tusikilize giaboksi. Kwa hiyo njoo na watu. Akiuliza kwa nini tumekuja kundi, mwambie ni familia.

Akikataa kuiacha baridi, usinipitie. Nitalala.