Bosi Mmarekani kasema "let's table it", muhtasari niandikeje?

Karani wa Kikao
Wakuu, habari za jioni. Nipo shirika moja hapa Dodoma, na kuandika muhtasari wa vikao ni jukumu langu. Mkurugenzi ni Mmarekani, mkuu wa fedha Mwingereza. Leo suala la kununua gari limezua maneno mengi, mkurugenzi akasema "let's table it". Mwingereza akaitikia, akafungua makabrasha yake kama mtu anayejiandaa kutoa hoja. Kabla hajasema neno, mkurugenzi akahamia ajenda ya likizo.

Muhtasari unatakiwa kesho asubuhi. Niandike limewasilishwa au limeahirishwa? Halafu nilimkaribisha mkurugenzi chakula cha wafanyakazi Ijumaa, akanijibu "I'll take a rain check". Mvua gani Dodoma mwezi wa nane? Anataka pia "ballpark figure" ya semina. Naombeni msaada, kejeli baadaye.

Msafiri wa Usiku
Mbona rahisi. Hapo hapo Dodoma bungeni wanawasilisha hati mezani kila mkutano. Andika limewasilishwa, ukalale.

Bi Mkora
Asilale kwanza! Bunge letu limerithi taratibu za Waingereza, na kwao "table" ni kuleta jambo lijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kinyume kabisa: liwekwe kando. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, ameeleza kwenye kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu, Waingereza wakitaka karatasi fulani iwe "tabled" ili ijadiliwe haraka, Wamarekani wakikataa wakidhani inatupwa kabatini. Kumbe wote walitaka kitu kimoja.

Kwako aliyesema ni Mmarekani, kwa hiyo limeahirishwa. Ila usiandike kwa kukisia. Mtumie ujumbe sasa hivi kwa Kiingereza cha kawaida: "So we postpone the vehicle to the next meeting, correct?" Hakuna bosi anayechukia karani anayehakikisha.

Fundi Saa
Hizo nyingine mbili zimetoka kwenye besiboli. Mechi ikivunjwa na mvua, mtazamaji alipewa haki ya kurudi siku nyingine kwa tiketi ile ile. Ndiyo "rain check". Maana yake Ijumaa haji, amekataa kistaarabu, usimwekee sahani. "Ballpark" ni uwanja wenyewe wa besiboli, na "ballpark figure" ni kadirio la juujuu. Usimpelekee 4,372,500. Mwambie kati ya milioni nne na tano, akikubali ndipo ukae na risiti.

Karani wa Kikao
Asanteni sana. Sasa nikariri zote? Nimeona orodha ndefu mtandaoni.

Bi Mkora
Achana nazo mdogo wangu. Zimejaa "raining cats and dogs" (mvua kubwa sana), ambayo ofisini unaweza kustaafu hujaisikia. Weka daftari: sentensi nzima, nani kasema, na nini kilifuata. Hicho cha tatu ndicho kitakufundisha. Mwingereza akikuambia ripoti yako ni "quite good", usishangilie, mara nyingi anamaanisha si mbaya sana. Mmarekani akisema hivyo hivyo, amekusifu.

Msafiri wa Usiku
Na kuelewa msemo si lazima uutumie. Kuna jamaa ofisini kwetu alimwambia mwenzake anayeenda kufanyiwa upasuaji wa goti "break a leg", yaani vunja mguu. Hiyo wanatakiana heri wasanii kabla ya kupanda jukwaani!

Karani wa Kikao
Mrejesho: mkurugenzi kajibu "Correct, next month." Ila Mwingereza naye kanitumia kurasa sita za hoja za gari, anataka ziingie kwenye muhtasari kama "tabled". Nani anamwambia, mimi au bosi?

Fundi Saa
Wapeleke wote wawili kwenye barua pepe moja, kisha nenda kanywe chai.