Kioo cha Rukia

Rukia: Assalaam alaykum jamani. Nimekiokota hiki kwenye gulio la vitu vya zamani hapa Leicester, pauni 4. Kioo cha mraba, kama inchi 3 na robo. Ukikielekeza kwenye taa anatoka mwanamke mwenye kofia pana, mashavu mekundu. Chini mtu kaandika kwa wino: Alhamisi. Ni kitu gani?

Shangazi Mwana: Waalaykum salaam mwanangu. Mbona kichafu hivyo! Kitie maji ya sabuni.

Ami Seif: Rukia USIKIOSHE

Ami Seif: Hilo tangazo la senema za bubu. Mimi nimekaa chumba cha mashine miaka 19, ingawa zangu zilisema na kuimba. Zamani senema nyingi zilikuwa na mashine moja. Mkanda ukisha, opereta anavua huu anavisha mwingine, na watu kizani washaanza miluzi. Hapo ndipo kioo kinapowekwa mbele ya taa: inakuja Alhamisi! Kioo kilikuja na picha tayari, pahala pa siku pameachwa patupu, mwenye senema anajaza kwa mkono wake. Na hayo mashavu yamepakwa kwa brashi.

Jamila: Kulikuwa na vya "mabibi vueni kofia" pia 😂

Shangazi Mwana: Kwa kofia hiyo, nani wa nyuma angeona?

Kombo: Na asiyeingia senemani angejuaje?

Ami Seif: Kelele, baba. Picha bubu, tangazo lina domo. Vikaratasi vinagawiwa, watu wamevaa mbao kifuani na mgongoni wanazunguka mitaani. Japani walitembeza bendi ya matarumbeta. Chaplin, yule mchekeshaji, alipovuma, senema za Marekani zilimsimamisha mlangoni wa kadibodi, na maneno "Nipo hapa leo". Basi, jina la picha la nini tena?

Ami Seif: Lakini fundi wao ni Phalke, mtengeneza senema wa India. 1913 kapeleka picha yake, Raja Harishchandra, mji wa Surat. Watu wa kule wamezoea mchezo wa jukwaani wa urefu wa saa 6 kwa ana 2 (ana ni sarafu ya Kihindi), yeye anataka ana 3 kwa picha fupi. Hawaji. Akatangaza: picha 57,000, urefu maili 2, zote kwa ana 3!

Shangazi Mwana: Kama muuza vitambaa, anapima kwa jora 🤣

Ami Seif: Na walikuja!

Kombo: Na kwetu?

Ami Seif: Senema ya Royal ya Jariwalla pale Vuga, Unguja, ilifunguliwa 1921, kwa hiyo ilianzia kwenye bubu. Babu yenu alikuwa akisimulia: vikaratasi vya senema wao walivigombania watengenezee tiara.

Rukia: Ami…

Ami Seif: Nini?

Rukia: Pembe moja nilishaichovya kabla sijakusoma. Karatasi nyeusi ya ukingoni inabanduka.

Ami Seif: Lahaula! Hivyo ni vioo viwili vimebanwa pamoja, maji yakipenya katikati rangi kwaheri. Kisimamishe juu ya kitambaa kikavu. Usifute. Juani usikiweke. Mashavu yapo?

Rukia: Moja lipo.

Shangazi Mwana: Mie nilidhani kioo cha dirisha 🙈